Dondoo muhimu: Daftari la mnunuzi wa hisa

• Kabla ya kununua, andika bei, sababu, na jambo litakalokufanya uuze.

• Kila miezi 3, pitia ulichoandika. Tofautisha uamuzi mzuri na bahati: faida iliyoletwa na uvumi isikupe kichwa.

• Piga hesabu kamili: jumlisha gawio, toa ada za dalali.

• Hisa ikishuka asilimia 50, lazima ipande asilimia 100 ndipo mtaji urudi. Usikope ili kufidia hasara.

• Usihukumu haraka. Hisa za Safaricom ziliuzwa shilingi 5 za Kenya mwaka 2008, zikashuka chini ya 3 mwaka uliofuata, na mwaka 2021 zikavuka 40. Sababu ulizoandika ndizo zitakazokuambia ushikilie au uuze.