Kazi Ipi Itangulie? Mwanafunzi wa Kiswahili na Makataa ya Muhula

Aghalabu mwanafunzi anayechelewa kuwasilisha kazi huitwa mvivu. Tuhuma hii ni nyepesi mno. Mwaka 1994, Roger Buehler, Dale Griffin na Michael Ross walichapisha utafiti kuhusu wanafunzi wa saikolojia nchini Kanada waliokuwa wakiandika tasnifu. Kwa wastani, walikadiria kwamba wangemaliza kwa siku 34 hivi. Walichukua takriban siku 55. La kustaajabisha ni kuwa hata walipotakiwa kukisia kila jambo likienda mrama, walitaja siku 49 tu. Hawa walikosea hesabu.

Kosa hilo humwelemea zaidi mwanafunzi wa Kiswahili kwa kuwa kazi zake hazifanani. Mathalani, ana zoezi la mofolojia linalotakiwa juma la nne, uhakiki wa riwaya juma la nane, na ngano za kukusanywa kutoka kwa fanani kufikia juma la kumi na mbili. Wengi hufuata kalenda: iliyo karibu kwanza. Mpango huo hupendeza kwenye karatasi tu. Zoezi la mofolojia lategemea daftari na utulivu wa mwenyewe; jioni mbili tatu zatosha. Riwaya yategemea nakala, na huenda maktaba ina mbili zinazogombewa na darasa zima. Ngano nazo zamtegemea mtu. Fanani ana shamba lake, ana matanga ya kuhudhuria, na pengine mila za kwao haziruhusu ngano kutambwa mchana. Akishapatikana, kuna unukuzi: dakika kumi za usimulizi zaweza kumaliza alasiri nzima, sembuse zikiwa katika lugha ya mama inayohitaji kutafsiriwa.

Kwa hivyo swali la kwanza si "inatakiwa lini?" bali "inamngoja nani?" Kazi inayomngoja mtu mwingine haina budi kuanzishwa mapema, hata kama makataa yake yako mbali. Kuanzisha si kumaliza. Kumtembelea fanani juma la pili na kuafikiana naye siku kunatosha, kisha mwanafunzi akavirejelea vitenzi vyake.

Makataa makubwa nayo yafaa kugawanywa. Katika utafiti wa Dan Ariely na Klaus Wertenbroch wa mwaka 2002, waliopewa matini tatu za kusahihisha, moja kila juma, waligundua makosa mengi zaidi kuliko walioruhusiwa kuzileta zote siku ya mwisho. Wahadhiri wanaorundika kazi zote katika juma moja wana la kujifunza hapa.

Wapo wanaojikinga kwa methali kwamba haraka haraka haina baraka. Lakini ni nani mwenye haraka kumshinda anayeandika kurasa kumi usiku wa mwisho?

Kadirio bora hutokana na kumbukumbu, si matumaini. Mwanafunzi na aandike kwenye jalada la daftari lake idadi ya siku ambazo insha iliyopita ilichukua, tangu kitabu kilipofunguliwa hadi ilipopigwa chapa, na idadi hiyo ndiyo aanzie nayo anapopanga insha ijayo.