Vidonda vya mtoto na dawa ya kupaka

*Mwanangu wa miaka 4 ametoka vidonda usoni vyenye gamba la njano. Duka la dawa wamenipa mupirosini ya kupaka. Siku ya pili vimeanza kukauka. Je, niache?*
*Mama, Tanga*

Vidonda vyenye gamba la rangi ya asali mara nyingi ni impetigo, maambukizi ya ngozi ya juu yanayoletwa na bakteria wa stafilokoka au streptokoka. Huingia kupitia mkwaruzo, au pale mtoto alipoumwa na mbu akajikuna.

Mupirosini huzuia kimeng'enya ambacho bakteria hukitegemea kutengeneza protini. Bila protini hawakui wala hawazaani, na hatimaye hufa. Kukauka mapema ni dalili njema, lakini bado si kupona: bakteria waliosalia huweza kuongezeka tena. Kwa kawaida hupakwa mara 3 kwa siku, kwa siku 5 hadi 10, kadiri mtaalamu alivyoelekeza. Kwanza gamba hulainishwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, maana dawa haipenyi vizuri juu yake. Mtoto akatwe kucha na awe na taulo lake.

Dawa hii haiui fangasi, hivyo haitibu mapunye. Krimu za mchanganyiko zenye steroidi, zinazonunuliwa ovyo, ni hatari zaidi: hupunguza wekundu huku maambukizi yakiendelea.

Mtoto apelekwe kituo cha afya vidonda vikienea, akipata homa, uso ukivimba, mkojo ukiwa wa rangi ya chai, au siku 3 zikipita bila nafuu.