Kabla ya Frigo, Angalia Gunia

Wadogo zangu wa Kolwezi, mmeniuliza sana habari za frigo. Yaya wenu anaanza na gunia. Unga wa bukari umeuweka ndani ya nini? Kama gunia hilo liliwahi kubeba madini, litoe jikoni leo, hata kama ulilifua kwa sabuni. Vumbi la kobalti hujificha kwenye nyuzi, na moto wa kupikia haulimalizi. Pipa lililokuja mgodini na dawa za kiwanda nalo usilitilie maji ya kunywa wala mafuta ya mawese. Bei yake ndogo naijua. Nunua ndoo ya chakula yenye kifuniko, iinue juu ya mbao, basi.

Sitishi mtu. Mwaka 2018 watafiti wa Lubumbashi na Leuven walichapisha vipimo vya Kasulo, mtaa wetu uliogeuzwa mgodi. Wakazi walikuwa na kobalti nyingi mwilini kuliko majirani wa mtaa mwingine, na tofauti ilikuwa kubwa zaidi kwa watoto. Kwa hiyo kiangazi, vumbi likitimka, sufuria ifunikwe, samaki wasianikwe kando ya barabara ya malori, na sombe ioshwe kwa maji mengi kabla ya kutwangwa.

Sasa frigo. Mabwawa ya Nzilo na Nseke tunayo hapa Lualaba, na bado delestaji tunalala nayo! Umeme ukikatika, usifungue mlango kuchungulia. Frigo iliyofungwa hutunza baridi kama saa 4. Friza iliyojaa hufika saa 48, nusu yake saa 24. Ndiyo maana nafasi tupu ya friza ijazwe chupa za maji. Nyama ikiwa bado ina barafu ndani, ipike siku hiyo hiyo. Ikiwa imeshinda na joto, usiionje kwanza, maana vijidudu vingine havina harufu. Itupe, hata roho ikiuma.

Wali uliobaki usiulaze jikoni. Ndani ya saa 2 uwe kwenye baridi, kwani sumu yake ikishajitengeneza, kupasha moto hakuiondoi. Asiye na frigo apike wa kumaliza, na samaki wa tomsoni amnunue mwisho, akiwa tayari anatoka sokoni.

Ni vivyo hivyo kwa karanga zenye ukungu, dada: usizioshe ukazikaanga. Usimpe hata kuku.