SOMO LA MWEZI: KICHWA KINACHOUMA NA AKILI INAYOSAHAU



Nilipokuwa mwalimu kijana nilimwadhibu msichana aliyelaza kichwa juu ya dawati. Alisema anaona miali ya mwanga na maneno ya ubaoni yanakatika. Nilimwita mvivu. Baadaye sana nilifahamu kuwa kile kilikuwa kipandauso, na hata leo naona haya.

Kipandauso si maumivu tu. Kwa baadhi ya wagonjwa, wimbi la mabadiliko hutambaa juu ya ubongo taratibu, kama milimita 3 kwa dakika. Likipita sehemu inayohusika na kuona, mtu huona miali au doa la giza. Kisha kichwa huuma, mara nyingi upande mmoja, kwa saa 4 hadi 72 asipotibiwa. Wakati huo maneno hupotea na hesabu rahisi humshinda. Kikipita, huchoka, lakini fikra zake hurudi. Mtoto huyo si mjinga. Apumzishwe penye giza na utulivu, kisha aonwe na mganga wa zahanati.

Lakini huku kwetu kwenye dhahabu tusiite kila kichwa kipandauso. Kule mialoni dhahabu hukamatwa kwa zebaki, kisha huchomwa, pengine jikoni nyumbani. Mvuke wa zebaki hauonekani. Huingia mapafuni, hupita katika damu na kufika ubongoni. Mwaka 2003 wataalamu waliwapima watu wa Rwamagasa, Geita, wakakuta baadhi ya wachomaji wamedhurika. Dalili zake ni mikono kutetemeka, kukosa usingizi, hasira za ghafla na kusahau. Hizi haziji na kuondoka kama kipandauso. Huzidi kadiri mtu anavyoendelea kuvuta mvuke, na nyingine huenda zisiishe. Watoto wachanga na walio tumboni ndio walio hatarini zaidi.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata wa kupunguza zebaki mwaka 2020. Lakini mkataba hauzimi jiko la nyumbani. Hilo ni letu. Tusichome zebaki ndani. Anayechoma atumie chombo chenye mfuniko kinachonasa mvuke, mahali pa wazi, mbali na watoto. Anayetetemeka na kusahau aende hospitali, na amweleze daktari kazi anayofanya.

Maswali ya kujadiliana:
1. Je, tumewahi kumwita mgonjwa mvivu?
2. Nani kati yetu huchoma dhahabu karibu na watoto, nasi tumenyamaza?