Nani Anapiga, Nani Anapigwa: Kusoma Majalada ya Katuni za Vita za Zamani

Tunapofundishwa mnyambuliko wa vitenzi, mfano wa kwanza karibu kila mara ni -piga: piga, pigwa, pigana, pigia, pigiwa. Nimeuchukua mfano huo huo kusomea kitu ambacho wenzangu wengi hukiona cha kitoto, yaani majalada ya katuni za vita zilizochapwa Uingereza na Marekani katika miaka ya 1950 na 1960. Chache ninazo mkononi, tafsiri za Kifaransa zilizotolewa na Impéria wa Lyon, nilizozipata kwa wauzaji wa vitabu vikuukuu. Nyingine nazitazama kwenye kompyuta tu, maana bei yake si ya mwanafunzi.

Kwanza, kwa nini jalada? Kwa sababu ndilo lililouza. War Picture Library ilianza London mwaka 1958, na Commando ikafuata Dundee mwaka 1961. Ndani zilikuwa nyeusi na nyeupe, lakini jalada lilipakwa rangi kama picha ya ukutani. Wachoraji wengi wa majalada ya War Picture Library walikuwa Waitaliano na Wahispania, kama Giorgio De Gaspari na Jordi Penalva, na msomaji wa wakati ule hakuyajua majina yao. Jalada la kwanza la Commando lilichorwa na Ken Barr. Ian Kennedy alikuja baadaye, na kwa ndege za vita sijaona anayemzidi: ndege yake ina uzito, unaona hewa ikiibeba.

Huko Marekani kampuni ya DC ilikuwa na majalada ambayo wakusanyaji huyatafuta sana, yale ya vivuli vya kijivu ya Jerry Grandenetti, yaliyotiwa rangi na Jack Adler. Moshi wake unakaribia kuwa picha ya kamera. Nakala safi ni adimu. Karatasi ilikuwa ya bei ya chini, yenye asidi. Hugeuka njano, kisha kahawia, mwisho inavunjika vidoleni, na pini hushika kutu. Tena muuzaji ambaye gazeti lilimdodea alikata sehemu ya juu ya jalada, yenye jina, akairudisha ili asidaiwe. Ndiyo maana nakala nyingine zimebaki bila kichwa.

Sasa turudi kwenye kitenzi. Majalada mengi sana yako katika kauli ya kutenda. Askari yuko mbele, mkubwa, uso unaonekana, bunduki inaelekea nje ya picha. Anapiga, anayepigwa hayupo, au ni helmeti tu huko nyuma. Mfano ulio wazi kuliko yote haumo hata kwenye jalada. Mwaka 1963 Roy Lichtenstein alichora Whaam!, ambayo leo ni mali ya Tate, London. Chanzo chake kikuu ni kisanduku kimoja cha Irv Novick kutoka All-American Men of War namba 89, ya 1962. Picha ina vipande viwili: kushoto ndege inayofyatua kombora, kulia ndege inayolipuka. Mtenda na mtendwa wametenganishwa na ufa halisi, na kati yao kuna tanakali ya sauti inayofanya kazi ya kitenzi. Rubani hata mmoja hana uso.

Kauli ya kutendwa naiona zaidi kwa Harvey Kurtzman, mhariri wa Two-Fisted Tales na Frontline Combat, aliyechora mwenyewe majalada mengi ya mwanzo wakati vita vya Korea vikiendelea. Mistari yake ni minene, miili imepinda, askari wamechoka. Kwangu hayo ndiyo bora, ingawa hayana rangi za Kennedy.

Na kutendana? Hapo lazima adui naye awe na uso. Robert Kanigher na Joe Kubert walimleta Enemy Ace mwaka 1965: Hans von Hammer, rubani wa Ujerumani katika Vita vya Kwanza vya Dunia, ndiye shujaa, na msomaji Mmarekani anaruka naye. Ni hatua kubwa kuliko inavyosemwa.

Imebaki kauli moja, na kwetu ndiyo muhimu. Sisi wa mashariki ya Kongo tunapoeleza vita mara chache tunasema tulipigana. Tunasema tulichomewa nyumba, tuliibiwa ng'ombe, tulifiwa. Ni kutendewa: tendo limeangukia kitu kingine, hasara ikamfikia anayesema. Jalada la namna hiyo nimelitafuta katika magazeti haya, bado sijakutana nalo. Ndani ya kurasa lipo jambo linalolikaribia. Mwaka 1965 kampuni ya Warren ilianzisha Blazing Combat, mhariri akiwa Archie Goodwin, na majalada yakachorwa na Frank Frazetta, yenye askari wake wenye misuli. Katika toleo la pili kulikuwa na hadithi iliyochorwa na Joe Orlando, ya mkulima mzee wa mpunga huko Vietnam, ambaye vita vinamfikia shambani mpaka anakufa. Maduka ya kambi za jeshi la Marekani yalikataa kuliuza gazeti hilo. Likafa mwaka 1966, baada ya matoleo manne.