Panda Kinachonyauka, Nunua Kinachokaa

Watu wengi wakipata kieneo nyuma ya nyumba, kitu cha kwanza kupanda ni nyanya. Siwalaumu. Nyanya inapendeza kwa macho, na bei yake gengeni haitabiriki. Ila hapa Dar es Salaam joto na unyevu wa masika huleta ukungu, majani yanaanza kukauka kutoka chini, na ukipiga hesabu ya mbegu, maji na dawa utakuta nyanya yako imekuwa ghali kuliko ya gengeni. Vitunguu ndiyo usiseme: miezi minne na ushee ardhini kwa kitu ambacho ukikinunua kinakaa jikoni mwezi mzima bila kukusumbua.

Mimi napanda kile kinachonyauka kabla sijafika nacho nyumbani. Fungu la matembele lililokatwa alfajiri, likapigwa jua gengeni na kunyunyiziwa maji mpaka saa kumi jioni, linapofika sufuriani limeshachoka. Na jambo la pili, majani ukiyachuma vizuri yanarudi. Nyanya ukishaivuna umeivuna. Uwanja wangu ungetosha vitanda vitatu vya sita kwa sita, si zaidi, kwa hiyo mmea usiorudisha fadhila mara ya pili sina nafasi nao.

Tuanze na udongo, maana wa huku pwani mara nyingi ni mchanga mtupu; maji unayomwaga asubuhi, mchana hayapo. Nachanganya madebe mawili ya udongo wa juu na debe moja la samadi iliyoiva. Samadi ya ng'ombe ni tulivu. Ya kuku ina nguvu na hupatikana kwa urahisi kwa wafugaji wa kuku wa nyama, pamoja na maranda yake, lakini ikiwa mbichi inaunguza mizizi. Irundike kivulini, iloweshe, igeuzegeuze kwa miezi miwili hivi. Ingiza mkono katikati ya rundo: kama kuna joto, au harufu inakupanda puani na kukutoa machozi, bado. Ikinuka udongo, tumia.

Asiye na ardhi kabisa atumie kiroba cha mchele cha kilo 50. Kina siri moja ambayo wengi wanairuka, nayo ni kokoto za katikati. Chukua kopo kubwa la maziwa ya unga, likate chini liwe wazi pande zote mbili, lisimamishe katikati ya kiroba na ulijaze kokoto. Jaza udongo kulizunguka, kisha livute juu taratibu, kokoto zibaki. Jaza tena, vuta tena, mpaka juu. Nguzo hiyo ndiyo inayopeleka maji chini. Bila hiyo utamwagilia kila siku na nusu ya chini ya kiroba itabaki kavu kama unga. Toboa matundu ubavuni kwa kisu, kila moja shubiri moja kutoka kwa mwenzake, na usiyapange kwa mstari mmoja kwenda chini. Kibera kule Nairobi wamelisha familia kwa magunia ya namna hii, mengi yakiwa na sukuma wiki. Jua hula sandarusi, kwa hiyo usishangae kiroba kikianza kuchanika baada ya misimu michache. Andaa kingine mapema.

Sasa matembele, ambayo nayapenda kuliko yote. Hayahitaji mbegu ya kununua. Omba marando kwa mwenye nayo, kata vipande vya shubiri moja na nusu vyenye pingili nne au tano, viweke kivulini siku moja au mbili, halafu uvipande jioni ukifukia pingili mbili au tatu. Tafuta aina ya majani, ile isiyohangaika kuweka viazi. Samadi ikizidi kwenye viazi vitamu, mmea unajaza majani na kusahau viazi, jambo ambalo mkulima wa viazi halitaki, ila sisi ndilo tunalolitaka. Chuma ncha pamoja na majani machache yaliyo karibu yake, usilikwangue rando mpaka likabaki uchi. Ukiona majani mapya yanatoka madogo na magumu, rando limezeeka. Kata ncha zake, panda upya palepale.

Kwenye kupika, matembele yana utelezi ambao wengine hawaupendi. Dawa yake ni kuyachambua, kumenya kile kingozi chembamba cha vikonyo, kisha kuyaanika kwenye ungo juani yanyauke kidogo. Ndiyo, nimetoka kusema sitaki mboga iliyonyauka. Tofauti ni kwamba hapa unaamua wewe, kwa muda mfupi, na yanaingia sufuriani muda huohuo. Yaunge kwa kitunguu na nyanya nyingi, ukamulie ndimu mwishoni. Uchachu nao unakata utelezi.

Mchicha una haraka yake. Mbegu zake ni ndogo mno, ukizimwaga zilivyo zinaangukia mahali pamoja. Changanya kijiko kimoja cha mbegu na viganja kadhaa vya mchanga mkavu, mwaga kwenye vifereji vyenye nafasi ya shubiri, funika kwa udongo mwembamba sana, na juu yake tandaza nyasi kavu. Sisimizi huzibeba mbegu hizi, kwa hiyo hakikisha kitalu hakikauki siku za mwanzo. Mwagilia kwa kopo ulilotoboa kwa msumari mwembamba, si kwa ndoo. Miche ikitokeza, ondoa nyasi.

Baada ya wiki tatu au nne kuna njia mbili. Wauzaji hung'oa pamoja na mizizi na kupanda upya. Mimi nang'oa iliyobanana tu, inakuwa mboga ya kwanza, na iliyobaki naiacha inenepe. Ikifika urefu wa goti nakata juu, nikibakiza shina la shubiri moja lenye majani mawili matatu. Machipukizi yanatoka ubavuni, na unaendelea kukata. Usisubiri maua. Mchicha ukionja kiu unakimbilia kutoa maua, na ukishaamua hivyo majani yanakuwa madogo na yenye nyuzi.

Hapa jikoni ndipo wengi wanauharibu. Mchicha wa bustanini hauhitaji maji ya kupikia. Osha kwanza, ndipo ukate. Ukikata kwanza, virutubisho vinaondoka na maji ya kuoshea. Kaanga kitunguu mpaka kilainike, weka nyanya, ziive, kisha mchicha ukiwa bado na maji yake ya kuoshwa. Moto uwe wa wastani, sufuria wazi, geuza kwa mwiko. Dakika tano zinatosha. Chumvi weka mwisho, maana sufuria iliyojaa pomoni inaishia kuwa viganja viwili, na chumvi uliyokadiria kwa macho mwanzoni itakuwa mara mbili ya inayotakiwa.

Ukitaka nazi, kuna utaratibu. Shangazi yangu wa Muheza hana maneno mengi jikoni, ila kwenye tui hana mchezo: "Tui zito haliachwi peke yake motoni." Kuna nazi, kamua tui la kwanza ulitenge, ongeza maji ya uvuguvugu, kamua tui la pili. Mboga inaivia kwenye tui la pili lililo jepesi. Likikaribia kukauka ndipo unamimina lile zito, unakoroga bila kuacha mpaka lianze kutokota kidogo, unaipua. Ukifunika na kwenda kuangalia simu, litakatika: mafuta kivyake, maji kivyake. Linalika, ila si mboga ya kumwekea mgeni. Mafuta hayo ya nazi yana kazi zaidi ya utamu. Vitamini A inayotokana na mboga za kijani mwili huipokea vizuri ikiandamana na mafuta, kwa hiyo mboga ya chukuchuku, pamoja na sifa zake zote za kiafya, inapoteza kidogo hapo.

Kisamvu kinataka nafasi ndogo lakini ya kudumu. Mti mmoja au miwili pembeni mwa uzio inatosha familia, hasa ukipata kisamvu cha mpira, ambacho hukua mti mkubwa wa kuchuma miaka na miaka. Kata mti wa muhogo uliokomaa, urefu wa shubiri moja, uchomeke kwa kulaza kidogo. Mpira upande mbali na ukuta na bomba. Chuma majani ya juu yaliyo laini. Ukiukata kila ukikaribia kukupita kimo, unatoa matawi mengi na hauhitaji ngazi.

Naomba hapa tuelewane. Majani ya muhogo yana sumu ya sayanaidi iliyojifunga ndani yake, na jinsi ya kuitoa mababu waliijua kwa mikono yao: twanga kwanza, chemsha baadaye. Ukiyatwanga mabichi mpaka yalainike kabisa, kimeng'enya kilicho ndani ya jani kinakutana na ile sumu na kuivunja, nayo inatoka kama hewa. Ukichemsha majani mazima bila kutwanga, joto linakiua kimeng'enya kabla hakijafanya kazi, na sehemu ya sumu inabaki. Kwa hiyo anayeruka kinu hajaokoa muda. Blenda inakubalika, mradi isage laini na majani yawe mabichi. Yakishatwangwa yaache yapumue kidogo, kisha chemsha sufuria ikiwa wazi, mahali penye hewa, saa nzima au zaidi. Kikiwa kichungu, mwaga maji ya kwanza uweke mengine. Kisha ndipo karanga za kusaga au tui, na kitunguu, na moto mdogo. Wakongo, kwao sombe, huweka mawese, na nimekula hivyo kwa rafiki; nikiwa na mawese mazuri sirudi kwenye karanga.

Mnavu nao una nafasi yake kwa wanaopenda uchungu. Unaunga kwa maziwa au nazi na uchungu unatulia. Chuma majani tu. Vile vitunda vya kijani usivitie sufuriani.

Wadudu? Wapo, na dawa ya kwanza ni macho yako. Pita asubuhi, geuza majani. Vidukari hukaa chini ya jani la sukuma wiki, viwavi hujikunja ndani ya jani la mchicha kama kwenye hema. Kwa bustani ndogo, vidole vinatosha. Vikizidi, natwanga majani ya mwarobaini, naloweka usiku kucha, nachuja, natia sabuni kidogo ya kunatisha, nanyunyiza jioni kwa sababu jua huiua nguvu. Nasubiri siku chache kabla ya kuchuma, kisha naosha vizuri. Adui asiyesikia mwarobaini ni kuku wa jirani. Huyo ni wavu, na mazungumzo na mwenye kuku, kwa heshima.

Maji ya kisima kwetu yana chumvi. Mchicha unayavumilia, maharage hayawezi. Kwa hiyo maji ya kuoshea mchele na mboga hayamwagwi, yanakwenda kwenye viroba. Maji ya kufulia yenye jiki yasiende kabisa.

Mbegu za mchicha usinunue mara mbili. Acha shina moja, lile lililochelewa kutoa maua kuliko wenzake, likomae. Sugua kichwa cha ua kiganjani: mbegu nyeusi zikidondoka, kata, anika kwenye kitambaa kivulini, pukuta, pepeta. Ukiacha lililowahi kuchanua, utakuwa unazalisha mchicha wenye haraka ya kuzeeka. Kwa anayetaka aina zilizochaguliwa na wataalamu, kituo cha World Vegetable Center kilichoko Arusha kimekusanya mbegu nyingi za mboga za asili za Afrika, na mchicha wa Madiira na mnavu wa Nduruma ni matunda ya kazi yake. Ulizia kwa majina hayo kwenye maduka ya pembejeo. Madiira ina majani mapana, na kwa mtu wa kukata na kuachia ichipue, inafaa.

Ukiwa na nafasi ya kiroba kimoja tu, sahau mchicha, sahau kisamvu, weka matembele. Hayadai mbegu, hayaogopi jua la Januari, na marando yake yakizidi utawagawia majirani. Mvua za vuli zikianza kunyesha, usisubiri: nenda kaombe marando wiki hiyohiyo.