Somo Juu ya Watumishi wa Maduka Makubwa

Mwezi huu twataka kujifunza juu ya kazi ambayo wengi huidhani nyepesi, nayo ni kazi ya kuuza katika duka kubwa. Vijana wengi wa sharika zetu huitafuta mijini, na wazazi wao hufurahi, maana si kazi ya jembe wala ya jua kali. Mtumishi yumo kivulini, amevaa nguo safi, tena husema na watu kwa adabu. Basi na tuitazame kwa karibu, tupate kujua uzito wake uko wapi.

1. Uzito wa mwili. Mkulima akichoka huketi chini ya mti. Bali mtumishi wa duka husimama karibu muda wote wa zamu yake. Hubeba makasha, hupanga bidhaa katika rafu, huonyesha watu njia, hupokea fedha. Wala hana ruhusa kuonyesha uchovu usoni, kwa kuwa uso wake nao umehesabiwa kuwa sehemu ya biashara. Jioni miguu huvimba na kiuno huuma. Hata duka likiwa tupu, mara nyingi hukatazwa kuketi, maana msimamizi huchelea mnunuzi asije akamdhania kuwa mvivu.

2. Mambo ya Uingereza. Shida hii si mpya. Huko Uingereza sheria ya mwaka 1886 iliamuru kwamba vijana wa madukani walio chini ya miaka 18 wasifanye kazi zaidi ya saa 74 kwa juma, pamoja na saa za kula. Fikirini basi: saa 74 ndizo zilizohesabiwa kuwa huruma! Tena watumishi wengi walilazwa katika nyumba za mwenye duka, na chakula na malazi vikahesabiwa katika mshahara. Hivyo aliyefukuzwa kazini alipoteza na kitanda pia.

Mmoja wao alikuwa Margaret Bondfield, aliyezaliwa mwaka 1873, akaanza kazi ya duka akiwa na miaka 14. Aliyoyaona aliyaandika katika gazeti la chama cha watumishi wa maduka, akitumia jina la Grace Dare, ili asijulikane. Mwaka 1898 alifanywa katibu msaidizi wa chama hicho. Mwaka 1899 ikatoka sheria kwamba kila chumba cha duka kiwe na kiti kimoja kwa kila wanawake watatu wafanyao kazi humo. Na mwaka 1911 watumishi wakapewa nusu siku ya kupumzika kila juma. Bondfield mwenyewe akawa Waziri wa Kazi mwaka 1929, mwanamke wa kwanza kuingia katika baraza la mawaziri la Uingereza.

3. Mambo ya Marekani. Mtu aweza kudhani kwamba habari za kiti zimekwisha zamani. Sivyo. Katika maduka mengi ya Marekani karani apokeaye fedha husimama hata leo, ingawa wenzake wa Ujerumani hufanya kazi iyo hiyo wameketi, na biashara yaendelea. Katika jimbo la California iko kanuni kwamba mtumishi apewe kiti, ikiwa kazi yenyewe yaweza kufanywa kwa kuketi. Mwaka 2016 mahakama kuu ya jimbo hilo ilieleza kwamba haitoshi mwenye duka kusema tu kwamba apenda watu wake wasimame. Na mwaka 2018 kampuni ya Walmart ilikubali kulipa dola milioni 65 ili kumaliza kesi ya viti vya makarani wake wa fedha.

4. Mambo ya kwetu. Katika Tanzania bara, sheria ya kazi ya mwaka 2004 yasema kwamba saa za kawaida zisizidi 9 kwa siku, wala 45 kwa juma. Mtu akifanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo, apewe mapumziko ya dakika 60. Na kila juma apumzike saa 24 pamoja. Lakini haki isiyojulikana haimsaidii mwenyewe. Kijana aliyetoka kijijini, aogopaye kupoteza kazi, hataiuliza asipofundishwa kwanza. Kwa hiyo walimu, wasomeeni vijana maneno haya kabla hawajaondoka kwenda mjini.

5. Wajibu wa mnunuzi. Sisi nasi tumo katika jambo hili. Yuko mtu aingiaye dukani wakati milango yataka kufungwa, akapangua nguo zote, akatoka bila kununua. Mwingine humkemea karani kwa sababu ya bei, na karani siye aliyeipanga. Anayekemewa amesimama tangu asubuhi, naye ni mtoto wa mtu. Tumsalimu kwanza, ndipo tuulize bei; na tukimwona ameketi, tusimpeleke kwa msimamizi wake.

Maswali ya kujibu:
(a) Kwa nini mtumishi hukatazwa kuketi hata duka likiwa tupu?
(b) Aliyelazwa katika nyumba ya mwenye duka alifungwa kwa namna gani?
(c) Sheria ya mwaka 2004 yampa mtumishi mapumziko gani?
(d) Katika usharika wako, ni nani wafanyao kazi madukani, na ni nani aliyewauliza habari zao?